Mlango kwanza, kitasa cha kidijitali baadaye

Kitasa cha kidijitali, kile cha namba, alama ya kidole au simu, hakiongezei mlango nguvu. Kinaamua tu nani afungue. Mtu akija na mtaimbo saa nane usiku, atakayepambana naye ni ubao, miimo, bawaba na skrubu. Pesa za kwanza ziende huko.

Mlango wa nje wa mbao uwe mgumu mwili mzima: mvule au mahogani, unene wa milimita 45 hivi. Ukienda soko la Gikomba, Nairobi, usiulize aina ya mbao peke yake, uliza na ukavu wake. Unyevu ukizidi asilimia 14 hivi, mlango utajipinda ukishawekwa. Mvua za Machi hadi Mei huuvimbisha, jua la Januari na Februari huukausha. Ndiyo sababu seremala mzuri huacha nafasi ya milimita 3 kati ya mlango na fremu, kisha hupaka vanishi hadi ukingo wa juu na wa chini. Kingo hizo mbili ndizo hunywa maji zaidi, na ndizo husahauliwa.

Mlango wa flashi uachie vyumba vya ndani. Katikati yake mara nyingi ni tupu au ni karatasi, na kipande kigumu cha kushikia kitasa ni kifupi. Bati la kitasa cha kidijitali likiwa refu kuliko kipande hicho, ukikaza bolti mlango unabonyea na kitasa kinalegea.

Kwa mlango wa chuma wa mafundi wa jua kali, uliza geji, yaani unene wa bati; namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Geji 16 ni karibu milimita 1.5; geji 20 haifiki milimita 1 na hunesa ukiisukuma kwa goti. Tatizo la pili halionekani hadi siku ya kufunga kitasa. Kitasa cha kuzama, kile ambacho mwili wake huingia ndani ya mlango, na ambacho tundu lake liko milimita 60 kutoka ukingoni huhitaji kina cha milimita 85 au zaidi ndani ya mlango. Bomba la fremu lenye upana wa milimita 50 haliwezi kukimeza. Hapo chukua kitasa cha kubandikwa upande wa ndani, au mwambie fundi achomelee kisanduku kabla ya kupaka rangi.

Kwa hiyo nenda dukani na vipimo: unene wa mlango, umbali wa ukingo hadi katikati ya tundu, upana wa bati la ukingoni, na upande ulipo bawaba ukiutazama mlango kutoka nje. Bila hivyo utauziwa kinachopatikana.

Sasa stima. Vitasa vingi vya nyumbani hutumia betri, kwa hiyo stima ikipotea mlango unaendelea kufanya kazi. Kinachozimika ni ruta ya intaneti, na pamoja nayo uwezo wa kufungua ukiwa mbali. Kitasa cha sumaku ni jambo jingine. Stima ikikatika sumaku huachia, na bila betri ya akiba mlango uko wazi. Sikipendekezi kwa mlango wa nyumba.

Kuna vitasa ambavyo mota hutoa na kurudisha ulimi yenyewe, na vingine ambavyo wewe ndiye unayezungusha mkono. Kwa Nairobi nachagua vya mkono bila kusita. Mlango uliovimba kwa mvua hubana ulimi. Mota inasukuma, inakwama, inarudia, na betri inaisha haraka. Tumia betri nne za alkalini. Za kuchaji zenye volti 1.2 hufanya kitasa kidhani betri zimekwisha mapema, na za bei rahisi huvuja ndani.

Usinunue kisicho na tundu la ufunguo na sehemu ya kukipa umeme kutoka nje, iwe ya yuesibii au ya betri ya volti 9. Ufunguo huo ukae ofisini au kwa jirani unayemwamini. Ufunguo ukibaki ndani ya nyumba haukusaidii kitu.

Alama za kidole hazimfai kila mtu. Mikono inayofua kila siku au kushika simiti huchakaa ngozi, na kitasa hukataa. Mpe dada wa nyumbani namba yake mwenyewe, uifute siku anapoacha kazi. Namba moja ya familia nzima haifai kabisa.

Upande wa ndani lazima ufunguke kwa mkono tu, bila namba wala betri. Hili ni suala la moto. Na kama kuna grili inayofungwa kwa kufuli, kitasa hiki hakijakuokoa. Funguo zake ziwe karibu na kila mtu azijue, watoto pia.

Wakati wa kufunga kitasa, waya unaounganisha bati la nje na la ndani ndio hubanwa na kukatika. Uupitishe chini ya kitasa cha kuzama, usikazwe. Bati la kupokea ulimi lipate skrubu za milimita 75 zinazopita fremu hadi ukutani. Zile fupi za boksini hung'oka kwa teke. Kisha jaribu kila namba, kila kidole na ufunguo mlango ukiwa wazi, kabla haujafungwa hata mara moja.

Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kutoboa, na ahifadhi kitasa cha zamani na funguo zake zote hadi siku ya kuhama.