Usiwaondoe Chabo wenye miguu mirefu

Wafugaji wengi wa Chabo, wale kuku wadogo wa Kijapani, huutazama ubora kwa jogoo mmoja tu: tumbo linalokaribia kugusa ardhi, mkia uliosimama wima ukapita kimo cha kichwa, upanga mkubwa kichwani, na uzito wa gramu 730 hivi. Jogoo huyo anastahili kupendwa. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba mfugaji anayemchagua yeye na wanaofanana naye tu, mwaka baada ya mwaka, huidhoofisha mbegu anayodhani anailinda.

Sababu imo katika urithi. Ufupi wa miguu ya Chabo unatokana na jeni moja ambayo kuku akiipata kwa mzazi mmoja huwa mfupi na mzima wa afya, lakini akiipata kwa wazazi wote wawili hufa angali ndani ya yai, mara nyingi katika siku za mwanzo kabisa za kuatamiwa. Ukimpandisha jogoo mfupi kwa tetea mfupi, basi kwa wastani robo ya mayai yenye mbegu huharibika, nusu hutoa vifaranga wafupi, na robo iliyobaki hutoa wenye miguu mirefu. Ndiyo maana mtu anayemulika mayai yake kwa taa ili aone ndani huona duara jembamba la damu palipopaswa kuwa na mishipa inayotanuka, akaanza kuilaumu mashine au kumshuku jogoo, ilhali hakuna chakula wala dawa itakayoibadili hesabu hiyo.

Wale warefu hutambulika mapema kwa miguu yao, na wengi huuzwa kabla hata manyoya hayajaota vizuri. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa tetea mrefu aliyezaliwa na Chabo halisi anaweza kuwa na mkia, upanga na rangi iliyo bora kuliko ya dada zake wafupi. Akipandishwa na jogoo mfupi, nusu ya vifaranga huwa wafupi, na hakuna yai linalopotea kwa sababu ya jeni ile. Simaanishi afanyiwe hivyo kila msimu. Namaanisha awepo bandani, ili kundi lisibaki dogo kiasi cha ndugu kupandana na ndugu.

Japani imewatunza kuku hawa tangu karne ya 17, na mwaka 1941 serikali iliwatangaza kuwa urithi wa asili wa taifa. Aina za rangi ni nyingi, na mimi nampenda zaidi Katsura, mweupe mwenye mkia mweusi, ambaye humwonyesha haraka mfugaji mzembe: mabawa ya Chabo huelekea chini hadi kugusa sakafu, kwa hiyo maranda yakilowa kidogo tu weupe wote huchafuka. Sakafu iwe kavu daima. Msimu wa kupandisha, manyoya yaliyozunguka tundu la nyuma yapunguzwe kwa mkasi, kwa jogoo na kwa tetea pia, kwani miguu mifupi hulifanya tendo lenyewe kuwa gumu.

Zaidi ya hayo, kila kifaranga avishwe pete mguuni na wazazi wake waandikwe daftarini, warefu kwa wafupi, na jogoo wabadilishane mabanda na wale wa wafugaji wengine wenye kumbukumbu kama hizo.