Chupa ya Baba: kutoka Falmouth hadi Machame

Baba yangu alikuwa karani kwa wakala wa forodha bandarini Tanga kwa miaka 26. Nimekulia kwenye nyumba ambayo habari za manifesti, yaani orodha za shehena za meli, zilizungumzwa mezani kama wengine wanavyozungumzia bei ya unga. Jioni alikuwa akirudi, anavua viatu mlangoni, na kabla chai haijamiminwa ameshaanza kusimulia leo nani kaficha nini kwenye shehena na kimemgharimu kiasi gani. Sisi watoto alitufundisha jambo moja: ofisa akikuuliza umebeba nini, mjibu kabla hajamaliza swali.

Kwa hiyo mwezi Machi, tulipopanda meli ya kitalii pale Galveston, Texas, mimi, baba watoto na vijana wetu wawili, nilikuwa na daftari mkobani. Nilikuwa na kusudi langu. Baba aliwahi kuonjeshwa ramu ya Jamaika na mabaharia huko Tanga, zamani sana, na kila ninapopiga simu siku ya Krismasi lazima aitaje. Sasa yuko Machame, amestaafu, ana miaka 81. Mimi mwenyewe sinywi pombe kali. Lakini kwetu Uchagani huendi kumsalimia mzee mikono mitupu, na Julai nilikuwa na tiketi ya kwenda nyumbani. Nilitaka chupa ile imfikie mkononi kwa njia ambayo yeye mwenyewe, karani wa forodha, angeikubali.

Safari ilikuwa ya siku saba: Falmouth huko Jamaika, halafu Grand Cayman, halafu Cozumel huko Meksiko, halafu kurudi. Siku mbili za mwanzo ni bahari tupu, na ndizo siku ambazo duka la melini linajaa watu. Hapo naomba niwasihi wenzangu msikimbilie. Maneno "bila ushuru" ni matamu masikioni, lakini ushuru ukiondolewa, mwenye duka bado anajipangia bei yake. Kabla ya kuondoka Houston nilipita duka la vinywaji la karibu na kwetu nikaandika bei za chupa sita kwenye daftari. Melini nikalinganisha. Tekila moja ambayo wifi yangu alikuwa ameniagiza ilikuwa imezidi bei ya nyumbani kwa dola nne. Nyingine zilikuwa nafuu kweli. Na angalia ujazo: chupa za bila ushuru mara nyingi ni lita 1, za madukani Marekani ni mililita 750. Ukilinganisha bei bila kulinganisha ujazo utadanganyika upande mmoja au mwingine.

Falmouth ni mji wa sukari. Ulianzishwa 1769, na meli zilijaa pale kubeba sukari na ramu zilizotengenezwa kwa jasho la watumwa Waafrika. Gati la meli za kitalii lilifunguliwa 2011 tu, lakini ukitoka nje ya geti lile unakuta nyumba za mawe za zamani na watu wanaofanana na shangazi zangu wakiuza maembe kando ya barabara. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ramu ina utamu wake na ina historia yake, na sikutaka kununua moja nikaacha nyingine.

Nilichukua ramu ya Appleton Estate, chupa ya lita 1. Shamba hilo liko bonde la Nassau, wilaya ya St. Elizabeth, na limetengeneza ramu tangu 1749. Mchanganyaji wao mkuu kuanzia 1997 alikuwa mwanamke, Joy Spence, wa kwanza duniani kushika kazi hiyo, naye ni mkemia kwa elimu. Nilijua Baba atapenda kusikia hilo, kwa sababu binti zake watatu aliwasomesha sayansi kwa mshahara wa karani. Baba watoto alichukua Wray & Nephew nyeupe, ile kali ya asilimia 63. Nayo lita 1.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mkazi wa Marekani anayerudi kutoka nje ana msamaha wa ushuru kwa bidhaa za dola 800, na ndani ya msamaha huo lita 1 ya pombe. Lakini Jamaika imo kwenye orodha ya nchi za Karibiani zenye upendeleo wa kibiashara, na ukitokea huko unaruhusiwa lita 2, ilimradi lita 1 kati ya hizo imetengenezwa katika nchi mojawapo ya orodha hiyo. Ndiyo maana ramu ya Jamaika ina faida mara mbili: ni zawadi, na inakufungulia lita ya pili. Wanaopita St. Thomas, Visiwa vya Virgin vya Marekani, wana neema kubwa zaidi: msamaha wa dola 1,600 na lita 5, kwa sharti kwamba isiyozidi lita 1 ndiyo imenunuliwa nje ya visiwa vile, na angalau lita 1 imetengenezwa visiwani. Msamaha unatumika mara moja ndani ya siku 30, kwa hiyo anayepanda meli mbili mfululizo ajue hilo.

Na ni lazima uwe umetimiza miaka 21. Kijana wetu mkubwa ana 19. Jamaika anahesabiwa mtu mzima mbele ya kaunta, akataka abebe chupa moja kwa jina lake "kusaidia familia." Nilimkatalia pale pale. Mgao wake haupo, hata tone. Nyumba yetu ya watu wanne ina watu wazima wawili mbele ya forodha, yaani lita 4.

Grand Cayman tulipita haraka, ila kitu kimoja nisikiache. Baba watoto alishika chupa ya Havana Club dukani, ameipenda kwa nembo yake. Nikamwambia airudishe. Tangu tarehe 24 Septemba 2020 Marekani imekataza wasafiri kuingiza pombe na tumbaku ya Kuba kwenye mizigo yao, hata kama umeinunua nchi ya tatu, hata kama ni ya kunywa mwenyewe. Mwenye duka hakuambii, na si wajibu wake. Ni wako.

Cozumel tulichukua tekila mbili za lita moja moja, moja ya wifi na moja ya jirani anayetulishia paka. Tafuta kwenye lebo maneno "100% agave", yaani imetengenezwa kwa mmea wa agave peke yake, na namba ya NOM yenye tarakimu nne. Namba hiyo inataja kiwanda kilichoitengeneza. Halafu, kwa udhaifu wa dakika ya mwisho, tukaongeza nyingine ndogo ya mililita 750. Hapo tukawa tumevuka lita 4, na nilijua.

Kila tulipotoka nchi kavu na chupa, zilichukuliwa. Unapanda ngazi, mizigo inapita kwenye mashine, na pembeni kuna meza: wanachukua chupa yako, wanaandika namba ya chumba, wanakupa kipande cha risiti. Unakwenda kulala bila chupa. Zinazonunuliwa dukani melini ni vivyo hivyo, zinakaa stoo mpaka usiku wa mwisho ndipo zinaletwa chumbani. Wao wanataka ununue vinywaji baa, ndiyo sababu, na sheria hiyo imeandikwa wazi kwenye masharti ya safari.

Usiku wa mwisho zikaja chupa nne. Ya Baba haikuwamo.

Niliteremka hadi kaunta ya wageni saa nne usiku. Mstari ulikuwa mrefu. Kijana aliyekuwa zamu aliniambia kwa upole kwamba kwenye orodha yao chumba chetu kina chupa nne tu, na kwamba labda nimehesabu vibaya. Nikamtolea vile vipande vya risiti, vitano, nilivyovibana kwa pini kwenye daftari kwa mpangilio wa bandari. Kimoja kilikuwa na tarehe ya Falmouth na namba ya chumba ambayo mtu wa mezani aliiandika vibaya, 8 ikawa 3. Chupa ilikuwa imepelekwa kwa watu wengine, ghorofa ya chini yetu. Ilinichukua saa moja na nusu. Wale wazee wa chumba kile, Mungu awabariki, walikuwa wameiacha juu ya meza bila kuigusa, wanasubiri kukuche waulize ni ya nani. Kama ningevitupa vile vipande, ningesema nini pale kaunta? Kwa hiyo nawasihi: karatasi ile ndogo itunze kama pasi ya kusafiria.

Asubuhi tukateremka Galveston. Ofisa wa forodha akapiga picha ya uso, akauliza tuna pombe, tumbaku au chakula. Nikamjibu: "Pombe, chupa tano, lita nne na robo tatu, mbili ni za Jamaika, tatu za Meksiko, na tumezidi mgao." Nikampa risiti zote. Akazitazama, akaniuliza kama ni za matumizi yetu, nikasema ni zetu na za zawadi, akaturuhusu tupite. Hakututoza. Huo ulikuwa uamuzi wake, usiuchukue kama haki. Angetutoza, kodi ya serikali kuu kwa chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 ni kama dola 2.14, na ushuru juu yake kwa vinywaji vingi ni mdogo. Ndiyo maana sielewi mtu anayeficha chupa kwenye soksi. Kuzidisha si kosa. Kosa ni kunyamaza, na faini yake haifanani kabisa na hizo dola mbili.

Wengi hudhani hapo ndipo mwisho. Texas ina meza yake. Tume ya vileo ya jimbo ina maofisa pale pale bandarini, na msamaha wa forodha hauwahusu hata kidogo: kila chupa inatozwa kodi ya jimbo, ambayo kwa lita 1 ya pombe kali haifiki dola moja, pamoja na ada ya dola 3. Wanabandika stempu kwenye chupa, unaondoka. Jibaba mmoja nyuma yetu aligomba kwamba ameshapita forodha, kwa nini atozwe tena. Ni serikali mbili tofauti, kila moja na sanduku lake. Tulilipia zote tano.

Sisi tulikuja na gari, Houston ni mwendo wa saa moja. Anayerudi kwa ndege ajipange mapema: chupa haiingii kwenye begi la mkononi, kikomo ni mililita 100. Kwenye begi kubwa, kinywaji chenye asilimia zaidi ya 24 hadi 70 ni lita 5 kwa mtu, kikiwa bado kimefungwa kama kilivyotoka kiwandani. Kinachozidi asilimia 70 hakipandi ndege kabisa. Wray & Nephew yetu ingepita. Zipo ramu za visiwani za asilimia 75 ambazo zisingepita, na mwenye duka atakuuzia huku anatabasamu.

Julai ikafika. Chupa ya Baba niliizungushia plasta kwenye kifuniko, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaifunga kwa kanga mbili, nikailaza katikati ya begi, nguo pande zote. Houston hadi Amsterdam, Amsterdam hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu mwenye miaka 18 na zaidi kuingia na lita 1 ya pombe kali, au lita 2 za mvinyo. Yangu ilikuwa lita 1 kamili, na ndiyo sababu tangu Falmouth sikumchukulia Baba mbili.

Binti wa forodha pale KIA akaniuliza nimebeba nini. Nikamjibu kabla hajamaliza. Akaifungua kanga, akaisoma lebo, akaifunga tena vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. "Karibu nyumbani, mama."

Machame kulikuwa na ukungu. Baba alikuwa amekaa barazani na koti lake zito. Nilimsalimia kwa heshima yake, nikakaa, tukanywa chai kwanza, ndipo nikaitoa. Hakuifungua. Aliigeuza polepole, akainua miwani, akaanza kusoma stempu ya Texas neno moja moja.

"Hii umeilipia?"

"Nimeilipia, Baba."

"Risiti?"

Nikampa: ya duka la Falmouth, kipande cha meli, na ile ya mezani Galveston. Akazipanga kwa tarehe, akazikunja, akaziweka mfuko wa shati. Kisha akaondoa plasta, akafungua, akanusa kwa muda mrefu. Ujanani, kabla ya Tanga, alikata miwa msimu mmoja kwenye mashamba ya TPC kule chini ya Moshi.

"Molasi," alisema. "Hii ni harufu ya TPC." Akamwita mdogo wangu alete glasi mbili ndogo, moja yake, na moja ya jirani yake mzee ambaye alikuwa ameshaanza kupanda njia ya migombani.