Njoni Mfungue Kinywa Kwanza

Somo: Yohana 21:9-22

Ukiisoma sura hii haraka utadhani mazungumzo yote ya Bwana na Petro yalifanyika penye moto wa makaa, mbele ya wenzake. Lakini aya ya 20 inasema Petro "akageuka", akamwona yule mwanafunzi mwingine anafuata. Anayefuatwa yuko njiani. Basi angalau mwisho wa maneno yale ulisemwa kwa miguu, asubuhi, kando ya maji. Na tazameni utaratibu wake: samaki na mkate kwanza, swali la "Wanipenda?" baadaye. Petro alikuwa amekesha kazini. Bwana hakumgusa kidonda, kile cha kumkana mara tatu, akiwa na njaa.

Wengi tuna rafiki wa siku nyingi ambaye kati yetu naye kuna jambo halijasemwa. Sebuleni tunatazamana na jambo linakwama kooni. Mkitembea pwani mnatazama upande mmoja, na mkinyamaza hakuna anayeona haya. Ila matembezi yakipangwa ovyo, kiu na jua vitayakatiza maneno kabla hayajafika popote.

Anzeni na maji. Angalieni saa za kupwa na kujaa za siku ileile. Kwenye pwani nyingi huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo za jana hazifai. Ondokeni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, mrudi yangali chini. Kosa la wengi ni kudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei: saa ya kwanza huingia kidogo tu, ila ya tatu na ya nne huingiza karibu nusu ya maji yote. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, njia mliyopita kavu chini ya majabali yaweza kufungika nyuma yenu. (Petro hakuwa na hofu hiyo, Tiberia ni ziwa la maji baridi.)

Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kama maji yanakupwa adhuhuri, ahirisheni kwa juma moja. Yatakuwa yakipwa karibu na alfajiri au magharibi. Kuleni kabla ya kutoka. Kila mtu abebe maji nusu lita kwa kila saa, na kofia pana. Mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga usoni kutoka chini, hivyo pakeni mafuta ya kukinga jua hata chini ya kidevu.

Tembeeni kwenye mchanga wenye unyevu, ulioshikana. Mchanga mkavu humeza nguvu, na mtu anayehema hazungumzi. Kama rafiki yako hasikii vizuri sikio moja, kaa upande wa lile zima, na mkigeuka kurudi angalia tena, maana mawimbi yatakuwa yamehamia upande mwingine.

Upepo nao una neno. Nendeni mkiukabili, mrudi ukiwa mgongoni. Mnapoenda unapeperusha sauti, kwa hiyo hapo ni habari za watoto, afya na kazi. Mkifika pa kugeukia, pumzikeni kivulini, mnywe maji, ndipo useme lile lililokuleta. Akiliweka mtu mwishoni kabisa, karibu na nyumba za watu, rafiki hupata muda wa kuumia tu, hapati wa kujibu. Aya ya 17 inasema Petro alihuzunika. Bwana hakumwacha hapo. Alimpa kazi ya kulisha kondoo.

Hatari kubwa kuliko maji na jua inakuja papo hapo baada ya uchungu. Petro alimwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza: "Bwana, na huyu je?" Ulimi hutafuta mtu asiyekuwapo wa kujadiliwa. Jibu la Bwana lilikuwa fupi: "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Mkijikuta mnamsema mtu wa tatu, yeyote kati yenu aseme, "Turudi kwenye mambo yetu," na mwenzake asinune.

Kabla hamjafika kwenye watu, simameni. Kila mmoja aombee alichokisikia kwa mwenzake, sentensi mbili au tatu, bila kumwingizia ushauri ndani ya maombi. Alichosema kibaki kwenu; kisipelekwe kwenye kikundi cha maombi asipokiruhusu mwenyewe.