Besi ya chumbani

Moshi, Jumanne usiku

Najifunza gitaa la besi la umeme, ambalo bila amplifaya ya kukuza sauti linanong'ona tu. Kwa miezi mitatu amplifaya yangu ilikuwa kabati la nguo. Unakaa kitandani, unaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, na mbao zinaitikia. Siku niliyofua nguo zote mlio ulinenepa, nilipozirudisha ukafifia. Njia nyingine ni kuweka taya juu ya pembe ya gitaa, mlio ukapita kwenye mfupa hadi sikioni. Unasikia vizuri kabisa, ila umejipinda kama mtu anayedukua mazungumzo ya jirani, na baada ya nusu saa shingo inakudai.

Gitaa si langu, ni la usharika. Mpiga besi wa kwaya yetu alihamishiwa Dodoma kikazi, akaliacha ofisini kwa mwinjilisti. Mwalimu wa kwaya akanifuata mimi, eti nina vidole virefu na sikosi mazoezi. Nimeimba sauti ya pili tangu Kipaimara, sikuwahi kushika hata ukulele. Nina miaka 34 na kanisani bado nahesabiwa kijana kwa kuwa sijaolewa, nikaona basi huo ujana upewe kazi.

Tatizo ni nyumba. Napanga Majengo, vyumba sita vinatazamana uani, na dari ni moja: sauti inapita juu kama paka. Wa kushoto kwangu ni mlinzi wa usiku, analala mchana. Wa kulia ana mtoto mchanga anayelala usiku, akipenda. Mimi nafunga duka la dawa saa 2 usiku. Kwa hiyo saa zangu za kujifunza ndizo saa za watu kupumzika.

Kaka anayepiga solo aliniazima amplifaya yake ya mazoezi, ya wati 15. Nikaiweka sauti ya chini sana, nikafunga mlango, nikatandika na blanketi kwenye upenyo wa chini. Nikapiga kama saa nzima, nikajisifu kwa ustaarabu wangu. Asubuhi nikamkuta mama mwenye nyumba anafagia uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, lile lori la jana liliegeshwa upande gani? Limenguruma mpaka saa 4."

Sikujibu. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Baadaye nikasoma kidogo nikaelewa kwa nini blanketi halikusaidia. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi moja la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Chumba changu hakifiki hata nusu ya hapo. Milio myembamba inamezwa na mapazia na godoro, lakini huu mnene hauna habari na vitu hivyo, unapita ukutani na kutikisa vyombo vya mwenzako. Ukipunguza sauti, ule wembamba unaokuambia umepiga noti gani unaishia chumbani mwako, mnene unavuka. Kwako inabaki kunong'ona, kwa jirani inabaki lori. Amplifaya nikairudisha Jumapili ile ile.

Mpiga kinanda akanishauri nitumie simu: unanunua kisanduku cha kuunganisha gitaa na simu, unapakua programu, unavaa hedifoni, una amplifaya kumi ndani ya kiganja. Nilijaribu kwa kisanduku chake. Kwa simu yangu ilikuwa kero. Unapiga sasa, unasikia punde. Ucheleweshaji ni mdogo, wala usingeujali kama unatazama video, lakini kwenye besi kazi yako yote ni kuwa pale pale na ngoma. Nikajikuta naharakisha kidole ili sauti ifike kwa wakati, yaani najifunza kukosea. Yeye simu yake ni ya bei, kwake inakwenda sawa. Na simu yenyewe ndiyo inayopigiwa na wateja na ndiyo yenye M-Pesa. Kila dakika kumi gitaa linakatizwa na mtu anayeuliza kama dawa ya minyoo imefika.

Vikabaki vile vidude vya kuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la gitaa. Ni kama kiberiti kilichonenepa: upande mmoja jeki, upande mwingine tundu la hedifoni, katikati vitufe vya sauti. Niliumiza kichwa wiki mbili kati ya viwili. Kimoja ni Vox amPlug, toleo la besi. Kingine ni Fender Mustang Micro, kilichotoka mwaka 2021, kina aina 12 za amplifaya ndani yake, kina Bluetooth, na kinachajiwa kwa waya kama simu.

Nakiri moyo ulikuwa kwa Fender. Jina tu. Watu hao ndio waliolieneza gitaa la besi la umeme linalovaliwa begani, lenye freti (vile vijiti vya chuma shingoni), kuanzia mwaka 1951, wakaliuza kwa wingi hadi kontrabasi kubwa la kusimama nalo likaanza kukaa pembeni. Tena neno Bluetooth lilinipa picha ya mimi nikitembea chumbani bila waya. Kumbe nilikuwa nimeelewa kinyume. Bluetooth ile ni ya kupokea wimbo kutoka kwenye simu ili upige pamoja nao. Hedifoni zinabaki za waya. Na kuna sababu: hedifoni za Bluetooth nyingi zinachelewesha sauti kuliko hata ile simu yangu. Wimbo ukichelewa kukufikia hakuna hasara, wewe utaufuata. Kidole chako mwenyewe kikichelewa kukufikia, umekwisha.

Nilipolielewa hilo tamaa ikapungua. Sihitaji amplifaya 12, sijui hata moja inatakiwa kuliaje. Vox inatumia betri mbili ndogo zile nyembamba za rimoti, zinauzwa kila kioski hapa mtaani, na umeme ukikatika naendelea. Ina ngoma za ndani za kupigia na tundu la kuingizia wimbo kwa waya. Bei nayo ilikuwa nafuu, ingawa kwa mshahara wangu bado ilikuwa karibu kodi ya miezi miwili. Niliagiza Kariakoo, mzigo ukapanda basi la asubuhi, jioni nikaufuata ofisi ya basi pale stendi. Kijana wa mizigo akautikisa sikioni, akasema, "Dada, hii boksi mbona kama haina kitu?"

Usiku wa kwanza nikakubaliana naye. Nilichomeka hedifoni zilizokuja na simu, nikapiga E, nikasikia *tik*. Zile zinaning'inia tu mlangoni mwa sikio, na besi yote inavujia nje. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kifaa nikasahau hedifoni, wakati ndizo spika zenyewe! Ilinichukua wiki kupata za mpira, zinazoziba sikio kabisa. Ukizisukuma ndani kidogo tu, ghafla sakafu inatokea chini ya miguu. Ukizilegeza, inaondoka. Anayepanga kununua kidude cha aina hii na atenge fedha ya hedifoni kwanza.

Sikutarajia kilichofuata. Kwa mara ya kwanza nilijisikia, na nilichosikia kilikuwa uchafu. Kwenye kabati nilikuwa napiga kwa nguvu nyingi ili nisikike, uzi unagonga freti, *kra kra*, nami nadhani huo ndio ukali wa besi. Na kila nilipohama kutoka uzi wa A kwenda wa D, A iliendelea kuvuma nyuma yangu kama mgeni asiyeaga. Nyuzi nne, na mara nyingi tatu zilikuwa zinalia. Kabati halikuwahi kuniambia.

Kwa hiyo wiki tano hizi sijajifunza wimbo mpya. Nanyamazisha. Kidole gumba cha kulia kinalala juu ya uzi mnene ninapokuwa kwenye mwembamba, vidole vya kushoto vinagusa bila kubana. Nikipanda daladala yenye nyimbo za zamani za bendi ya Mlimani Park, siku hizi nasikiliza pale ambapo besi haipo: mpigaji anatia noti mbili, anakata, anaacha magitaa yapite, anarudi. Zamani nilidhani anapumzika.

Kidude kina kasoro yake. Kinatokeza ubavuni mwa gitaa, nimekigonga kwenye kitanda mara tatu. Mama mwenye nyumba ameuliza kama nimeacha muziki.

Jumamosi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupiga na kwaya kwenye mitambo ya kanisa. Nilikwenda nikiwa na uhakika, mikono imetulia, nyuzi zote ziko kimya isipokuwa moja. Mpiga ngoma akanitazama katikati ya pambio akafungua mikono: uko wapi? Mwalimu wa kwaya akaashiria niongeze. Nikaongeza, ukumbi ukaanza kuvuma kila nilipogusa G ya chini, noti moja kubwa kuliko nyingine zote, hata madirisha yakaitikia. Masikioni mwangu usiku noti zile zilikuwa sawasawa. Hedifoni hazina kuta.

Nimemwomba mwinjilisti ufunguo wa kanisa Alhamisi, saa moja kabla ya mazoezi. Nataka nizunguke na waya mrefu, nipige G ile nikiwa mbele, katikati na kule nyuma kwa wazee, nisikie inavimbia wapi. Ameniambia niulize kwanza kama kuna ibada ya mazishi.