Sanduku la Babu, Baharia wa Kilindini

Kwa miaka mingi sanduku la bati la babu yangu mzaa mama lilikaa chini ya kitanda chake huko Likoni, na kila aliyeliona alikuwa na ushauri wa kunipa. Sonara mmoja wa mjini aliniambia nivichovye vitu vya shaba katika maji ya ndimu na magadi mpaka viwake. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaka kuchukua vyote kwa kilo. Jamaa yetu mmoja, mtu msomi, alinishauri nimkalishe mzee kitini, niandike maswali kwa mpangilio wa miaka, niwashe kinasa sauti cha simu, na nisimruhusu kutoka nje ya swali. Ushauri wa sonara na wa msomi niliufuata, na wote uliniharibia kazi. Naandika haya kwa sababu hatimaye nilifaulu kwa njia yangu mwenyewe, na kwa sababu najua ziko nyumba nyingi za pwani zenye sanduku kama hili na mzee kama huyu.

Babu aliingia jeshi la majini mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 19, wakati lilipokuwa likiitwa Royal East African Navy. Wengi wa rika langu hawajui kwamba kabla ya uhuru palikuwa na jeshi moja la majini lililogharimiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yake yakiwa Mombasa. Chombo chake kilichojulikana zaidi ni Rosalind, meli ya mvuke iliyoundwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa umbo la meli ya uvuvi ili ifagie mabomu ya baharini na kuwinda nyambizi; meli za aina yake zote zilipewa majina ya wahusika wa Shakespeare. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Babu akarudi katika uvuvi kwa miaka miwili, kisha Kenya ilipounda jeshi lake la majini mwezi Desemba 1964 akavaa sare tena, na alikuwapo katika kituo cha jeshi hilo cha Mtongwe mwaka 1966 boti tatu mpya za doria, Simba, Chui na Ndovu, zilipofika kutoka Uingereza.

Hayo yote nayajua leo. Siku ya kwanza nilipokaa naye sikupata hata robo yake. Nilikuwa na maswali 42 kwenye daftari, nimeyapiga mstari kwa wino mwekundu, na simu nimeiegemeza kwenye birika la kahawa. Nilimwamkia, akanijibu marahaba, nikaanza. Ulijiunga mwaka gani? Hamsini na saba. Ulikuwa na cheo gani? Baharia. Kazi yako ilikuwa nini? Kazi ya sitahani. Palitokea nini cha kukumbukwa? Hapakutokea kitu. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, macho yametazama ukutani, na nilipofika swali la kumi na tano nilielewa kwamba nimemrudisha mbele ya afisa wake: mwanajeshi anayehojiwa hujibu alichoulizwa, hasemi zaidi. Nilipozima kinasa sauti aliniuliza kama nimekula.

Wiki hiyohiyo niliharibu kifungo. Sandukuni mlikuwa na vifungo 23 vya shaba vyenye nanga na taji, vimefunikwa na rangi ya kahawia iliyotulia. Nilikichukua kimoja na kukifanyia kama sonara alivyosema. Kiling’aa kweli, lakini nilipokiangalia kwa karibu niliona kwamba asidi ya ndimu imekula kingo za taji, nyuzi za kamba iliyozunguka nanga zimelainika, na rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya shaba imetoka kabisa. Anayekusanya vitu vya kijeshi atakwambia kwamba rangi ile ya uzee ndiyo ushahidi, na kwamba ikishatoka hairudi. Kifungo hicho bado ninacho, kimekaa peke yake, na mtu yeyote akinitajia ndimu namwonyesha.

Njia niliyoitafuta ilinijia kwa kamba. Nilikuwa uani nikijaribu kufunga turubali juu ya banda la kuku, na Babu amekaa kwenye kigoda. Nilizungusha kamba kwenye nguzo, nikaivuta, ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena. Mara nikasikia kigoda kinasogea. Babu alikuja taratibu, akanipokonya kamba bila kusema neno, akafanya kitanzi kidogo kwa mkono wa kushoto, akapitisha ncha ndani yake kutoka chini, akaizungusha nyuma ya kamba kuu na kuirudisha shimoni, akavuta mara moja. “Fundo hili halitelezi wala halikazi kiasi cha kukushinda kulifungua,” alisema. “Tulifunzwa kulifunga gizani, mkono mmoja, meli ikiyumba. Asiyeweza hakwenda nchi kavu Jumamosi.” Kisha, akiwa bado ameshika nguzo, alinisimulia usiku mmoja wa kusi kali walipokuwa wakirudi Kilindini, jinsi kamba ya nyuma ilivyokatika wakati wa kufunga gatini na kupita kwa kishindo juu ya kichwa cha mwenzake, na jinsi mkuu wa sitaha alivyowazuia wasile mpaka kila mmoja ameikagua kamba yake kwa vidole, inchi kwa inchi. Alizungumza kwa saa nzima. Simu ilikuwa ndani, na sikuthubutu kuifuata.

Tangu siku hiyo sikumuuliza swali tena. Nilichofanya, na hili nalieleza kwa fahari kwa sababu sikuelekezwa na mtu, ni kumkosea kwa makusudi. Nikikunja kitambaa cha sare vibaya, ananirekebisha na ananiambia walivyokaguliwa. Nikikitaja chombo kwa jina lisilo lake, anakasirika kidogo na kunichorea umbo lake kwa fimbo mchangani, mzinga ulikokaa, dohani ilikokaa, jiko lilikokaa. Mtu aliyefunzwa kazi kwa ukali hawezi kuitazama ikifanywa ovyo. Simu siku hizi inakaa katika mfuko wa shati langu, na Babu anajua, maana nilimwomba ruhusa mapema na akakubali kwa sharti kwamba asiione.

Vifungo navyo vilinipa kazi ya kupendeza. Taji la enzi ya Mfalme George wa Sita lina matao yaliyopanda juu kwa mviringo, ilhali taji la Malkia Elizabeth, lililoanza kutumika baada ya mwaka 1952, limebonyea katikati kama tandiko. Kwa kipimo hicho nilipata vifungo 9 vya mfalme na 14 vya malkia. Maandishi ya mgongoni yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilizima taa, nikalaza kurunzi ubavuni mwa kifungo ili mwanga upite sambamba na uso wake, na kivuli kikaziinua herufi moja baada ya nyingine mpaka nikasoma jina la mtengenezaji, Firmin, London. Ujanja huu hauhitaji dawa yoyote, na unafaa pia kwa sarafu.

Nilihitimisha kwamba vile 9 ni vya mtu mwingine, aliyehudumu kabla ya Babu. Nilipovitandaza mbele yake juu ya kitambaa cheupe alitikisa kichwa. Ghala, alisema, lilitoa kilichokuwamo; alipewa koti mwaka 1957 likiwa na vifungo vya mfalme aliyekwisha kufa, na kilichodondoka kilibadilishwa na kipya. Kwa hiyo taji linakwambia kifungo hakikutengenezwa kabla ya lini, halikwambii kilivaliwa lini. Hilo sikulipata kwa msomi yeyote.

Lakini nishani mbili zilizokuwa chini kabisa, ndani ya kikasha cha karatasi ngumu, hazikuweza kuwa zake kwa hesabu yoyote. Moja ilikuwa nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake una mistari mitatu iliyolingana: buluu iliyokoza, nyekundu, na buluu ya mbingu. Ya pili ilikuwa ya mviringo, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili na miaka 1939 na 1945. Watu walikuwa wakiniambia kwamba mstari wa buluu iliyokoza unathibitisha mwenyewe alikuwa baharia. Si kweli. Rangi tatu zile zinawakilisha jeshi la majini, la nchi kavu na la anga, na nyota hiyo ilitolewa kwa wote. Nilitafuta jina kwenye ukingo na sikuliona, nikajifunza kwamba nishani hizi za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina, tofauti na zile za vita vya kwanza ambazo jina na namba ya askari hupigwa ukingoni. Kilichobaki kilikuwa kipande cha karatasi kilicholiwa na mchwa, chenye namba 301 na nusu ya neno la Kiingereza la jeshi la mizinga.

Nilikiweka kikasha wazi mezani na nikakaa kimya. Babu alikitazama kwa muda mrefu. Nishani hizo ni za kaka yake wa baba mmoja, aliyemzidi kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Babu alikuwa na miaka sita alipomwona mara ya mwisho, na anachokumbuka ni harufu ya mafuta ya viatu na uzito wa mkono kichwani. Waliambiwa amekufa baharini, basi. “Nilipotimiza umri nilikwenda jeshi la majini,” aliniambia, “nikitaka kujua bahari ilimweka wapi. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua pa kuuliza.”

Kazi yangu bandarini ni ya ukarani, na kusoma nyaraka ndiyo riziki yangu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari la majina linalotafutwa bure mtandaoni. Kwa jina sikumpata, kwa sababu makarani wa zamani waliandika majina yetu walivyosikia, herufi zikiongezwa na kuachwa. Nikaacha jina, nikatafuta kwa kikosi: kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Yalijitokeza mamia ya majina, na karibu yote yana tarehe moja ya kifo, 12 Februari 1944. Niliyapitia usiku mbili mpaka nikalikuta, limeandikwa kwa herufi ambazo nisingezikisia kamwe.

Tarehe hiyo ni ya kuzama kwa Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Kilindini mapema mwezi huo kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za abiria, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa upande wa Burma, na wauguzi wanawake. Karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili, makombora yanayopita majini, na dakika mbili hazikutimia kabla haijazama. Walikufa watu karibu 1,300. Manowari za kusindikiza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo mpaka Petard ikaimaliza, lakini mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, yaliporomoshwa mahali ambapo walionusurika walikuwa bado wanaogelea.

Nilisita siku kadhaa kumweleza sehemu hiyo ya mwisho. Nilipomweleza, hakulia. Aliuliza meli nyingine nne zilikuwa umbali gani, nyambizi ilikuwa imejificha wapi, na kama manowari zilirudi kuokota watu. Nikamwambia zilirudi. Akafikiri, kisha akasema, akichagua maneno kwa uangalifu ambao sijausikia kwake kabla wala baada: “Nahodha wa manowari alikuwa na meli nne zimejaa watu nyuma yake. Mimi ningekuwa sitahani ningetii, na ningebeba hilo mpaka kaburini. Namhurumia kaka yangu, na wale waliotii nawahurumia pia.”

Nilipanda treni kwenda Nairobi kwa ajili hiyo tu; nauli ya kwenda na kurudi na chakula havikufika elfu tano. Katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong lipo Kumbukumbu la Afrika Mashariki, lenye majina ya askari wasio na kaburi, pamoja na wale wa Khedive Ismail. Nililikuta jina la kaka yake Babu, nikalipiga picha asubuhi na mapema, jua likiwa ubavuni, kwa sababu ileile ya kurunzi na kifungo.

Vitu vyote sasa nimevifunga kimoja kimoja kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara tatu bila sabuni, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, maana hewa yetu ya chumvi ni adui mkubwa kuliko kutu yenyewe. Mifuko ya plastiki nimeiondoa, na raba za kufungia pia. Kila kitu kina kadi iliyoandikwa kwa penseli, na juu ya kadi ni maneno ya Babu mwenyewe, si yangu. Picha ya jina aliibandika kwa mkono wake ndani ya mfuniko wa sanduku, akapitisha kidole juu ya herufi zile zilizokosewa, akalisoma jina kwa sauti jinsi linavyotamkwa nyumbani kwao.

Alhamisi tunaanza zile boti tatu za mwaka 1966. Kamba nimekwisha kuiweka barazani, na fundo lake nimelifunga vibaya.