Nilivyoeleza ninachotaka kutafiti kwenye maombi ya uzamivu

Katika maombi yote ya shahada ya uzamivu, aya iliyonikalisha sana ni ile ya kueleza unataka kutafiti nini. Alama za chuo zinajieleza zenyewe. Hapa profesa asiyekujua anatafuta swali linalopimika.

Mimi ni mtu wa Lamu, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu. Kusema naipenda na nataka ihifadhiwe ni kweli tupu, ila hilo lingeweza kuandikwa na yeyote. Nikamwendea ami yangu, aliyekata boriti tangu ujana, nikamuuliza hubaki nini baada ya shoka.

"Mchu ukiukata huchipua, mwanangu. Mkoko ukishakatwa ndiyo basi, na tope la pale huwa laini, mtu akazama."

Mchu na mkoko ni aina mbili za miti ya msitu wa mikoko, na swali langu lilitoka hapo. Kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haimo mitini, imo topeni, na mizizi ikifa hakuna cha kulishika tope hilo. Nikaandika: pale mkoko ulipokatwa usichipue, tope hupoteza kaboni kwa kasi gani, likilinganishwa na pale mchu ulipochipua?

Kisha nikaeleza vipimo: kuchota tope kwa bomba hadi kina cha mita moja, kulikausha, kulipima uzito, kulichoma kwenye tanuri, kulipima tena. Uzito uliopungua ndio unaokadiria mabaki ya viumbe yaliyokuwemo, na kutokana nayo hukadiriwa kaboni. Nikataja kuwa kazi ya tanuri niliifanya kwenye uzamili. Bila hivyo mpango unabaki maneno.

Kumsifu profesa sikumsifu. Nilisoma makala zake, nikaona anapima gesi zinazotoka ardhini, nikaandika kwamba vifaa vyake vingenionyesha kaboni inayopotea inapaa hewani au inasombwa na maji. Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango.

Alinijibu kwa kuuliza: nitajuaje mahali fulani palikatwa mwaka gani? Nikamwambia picha za satelaiti za Landsat ni za bure, lakini nukta yake moja ni mita 30 kwa 30, na wakataji wetu huchagua mti mmoja mmoja. Kwa hiyo picha zitanionyesha palipofyekwa kabisa. Kwingine kote nitaandamana na wakataji wenyewe. Akanitaka niliongeze hilo kwenye pendekezo, na nafasi nikaipata.