Siku nilipompeleka Mama kwenye makutano ya mito

Mara ya kwanza tulikuta geti limefungwa. Ilikuwa mwezi wa nne, theluji imeyeyuka, na Mto Minnesota ulikuwa umefurika hadi barabara ya kuingilia Hifadhi ya Jimbo ya Fort Snelling, hapa Minnesota, Marekani, ikazama. Mama alikaa kiti cha mbele na kapu la maandazi mapajani, hajatimiza hata mwezi tangu atoke Handeni. Akayatazama yale maji yaliyotulia katikati ya miti, akasema, "Mwanangu, mto ukirudi kwake haugombezwi." Tukageuza gari.

Nilijilaumu, maana Idara ya Maliasili ya Minnesota hutangaza kwenye mtandao hifadhi inapofungwa, nami sikuangalia. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na siku zangu za mapumziko ni chache. Mama alipewa miezi sita ya kukaa Marekani. Nilitaka kabla hajaondoka aone mahali ambapo wanangu wanakulia kuna nini chini ya lami na maduka.

Safari hii nilijipanga. Kiingilio ni dola 7 kwa gari, haijalishi mmepanda wangapi, lakini nilikuwa nimesikia kwamba baadhi ya maktaba huazima kibali cha siku 7. Nikakipata kwa kadi ya maktaba ya binti yangu, bila kulipa hata senti. Kisha asubuhi moja nilipotoka kazini nikaenda peke yangu kuitembea njia ya Kisiwa cha Pike, ili nijue kama magoti ya Mama yataiweza. Ni tambarare, ya udongo, ina kivuli karibu yote, na mzunguko wake ni kama kilomita 5. Nikanunua kigoda cha kukunja. Dawa ya mbu pia, na suruali ndefu za kuchomekwa ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, kwa sababu kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, nao si wa kupuuzwa.

Tulikwenda mwezi wa nane. Watoto walitaka kukimbilia ufukweni mwa Ziwa Snelling moja kwa moja, nikawaambia ziwa baadaye. Hilo nililiamua tangu usiku: tuanze na kumbukumbu iliyo karibu na kituo cha wageni. Kwenye bonde lile, chini ya ngome ya Fort Snelling, jeshi la Marekani liliwafungia Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, zaidi ya 1,600 baada ya vita vyao na Marekani vya 1862, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Walikaa kwenye mahema majira yote ya baridi. Waliofia pale wanakadiriwa kuwa kati ya 130 na 300. Mwezi wa tano 1863 waliobaki walipakiwa kwenye meli na kupelekwa Crow Creek, iliyo Dakota Kusini ya leo.

Nilimtafsiria Mama maneno ya kibaoni polepole, watoto wakisikiliza. Watu walikuwa wamefunga vitambaa vya rangi pale. Mdogo, mwenye miaka 6, akauliza watoto walikuwa wanavaa nini kwenye baridi ile. Sikuwa na jibu. Mama akavua viatu, akasimama kimya kidogo, kisha akasema kama anayebisha mlangoni, "Hodi, wenyewe. Tumekuja na watoto, tunapita tu." Kwetu msituni huingii bila hodi. Mimi nimekuja hapa mara nyingi kukimbia mazoezi na sikuwahi kupiga hodi hata siku moja.

Tukavuka daraja la miguu kuingia kisiwani. Miti ni mikubwa ajabu, ile iliyomwaga sufi mwezi wa sita mpaka Mama akaiita misufi ya Wazungu. Kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu yetu chini kabisa, maana uwanja wa kimataifa uko hapo juu, na paa walioko vichakani hawakuinua hata shingo. Mama alikaa kwenye kigoda mara tano. Binti yangu ndiye aliyekibeba.

Njiani niliwaeleza jina la kisiwa. Mwaka 1805 ofisa wa jeshi, Zebulon Pike, alikutana hapa na viongozi saba wa Dakota. Wawili tu ndio waliotia saini mkataba wa kuitoa ardhi. Sehemu ya bei iliachwa wazi, na miaka mitatu baadaye Baraza la Seneti likajaza dola 2,000, ingawa Pike mwenyewe alikuwa amekadiria kuwa ardhi ile ina thamani ya dola 200,000.

Mama akasimama katikati ya njia. "Kumbe na hawa walikuwa na Mangungo wao."

Basi yeye ndiye akawa mwalimu. Akawasimulia wajukuu habari za Chifu Mangungo wa Msovero na Mjerumani Karl Peters mwaka 1884, jinsi karatasi zilivyozunguka Usagara, Nguru, Ukami hadi Uzigua kwetu, watu wakiwekewa mbele maandishi ya lugha wasiyoijua. Binti yangu anasoma historia ya Minnesota shuleni, lakini sijawahi kumwona akiuliza maswali kama siku ile. Nimemsomea vitabu vingi kuhusu Tanzania ambavyo havikumshika hivyo.

Kwenye ncha ya kisiwa mito inakutana. Minnesota inakuja na tope, Mississippi ina rangi nyeusi zaidi, na kwa kitambo unaona mstari kati yao kabla hayajachanganyika. Wadakota hupaita Bdote, na wengi wao husema asili yao ni hapo. Mama alinawa uso kwa yale maji. Tulikula maandazi juu ya gogo, watoto wakirusha vijiwe.

Ngome yenyewe, juu ya mwamba, tuliiacha siku nyingine. Ina kiingilio chake, na nilitaka kwenda na binti yangu peke yake, kwa sababu ndiko Dred Scott na Harriet Robinson walikooana wakiwa watumwa katika eneo ambalo sheria ilikataza utumwa, kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kuwanyima uhuru mwaka 1857. Jioni ile watoto walioga ziwani mpaka midomo ikabadilika rangi.

Mama alirudi Handeni mwezi wa tisa. Mwezi wa nne uliofuata alinipigia simu, na baada ya salamu akauliza, "Wale wenyewe, maji yameshawapungukia?"